Kamera ya kulinganisha darubini: Anayenunua akiwa Kakamega azingatie haya

VITABU vingi vya kufundisha upigaji picha za nyota huanza na agizo moja: elekeza mhimili wa darubini kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwa mkazi wa London au Chicago agizo hilo ni jepesi, kwani nyota hiyo hukaa juu ya mapaa ya nyumba usiku kucha bila kuhama. Mjini Kakamega, ulio katika latitudo ya digrii 0 na dakika 17 kaskazini mwa Ikweta, anayelifuata hujikuta akitazama miti, vilima na moshi wa jikoni.

Hali hiyo ndiyo inayofaa kuamua ni kamera gani itakayonunuliwa na mwalimu, mwanafunzi au mpenzi yeyote wa anga anayetaka darubini yake ijilinganishe na nyota kwa msaada wa kompyuta. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa kazi hii vilibuniwa na watu wanaoishi mbali na Ikweta. Baadhi vinafaa Kakamega bila tatizo. Vingine havitafanya kazi hata usiku mmoja, na kwa kuwa huagizwa kutoka ng'ambo, kuvirudisha dukani ni gharama juu ya gharama.

Kulinganisha kwa maana mbili

Neno kulinganisha hutumiwa kwa kazi mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuiwezesha darubini kujua inatazama wapi, ili ikiagizwa kwenda kwenye sayari ya Zohali isiishie kwenye giza tupu. Ya pili ni kuulaza mhimili wa stendi sambamba na mhimili wa Dunia. Kamera moja inaweza kusaidia kazi zote mbili, lakini baadhi ya vifaa hufanya ya kwanza tu huku tangazo likiwa kimya kuhusu ya pili.

Kwa mpiga picha, ya pili ndiyo ngumu. Dunia inapozunguka, nyota huonekana zikihama kwa digrii 15 kila saa. Wataalamu huigawa digrii moja katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Mwezi mpevu, kwa mfano, una upana wa takriban dakika 30. Kwa kipimo hicho nyota huhama sekunde 15 za digrii katika kila sekunde moja ya saa. Jicho halitambui mwendo huo, lakini kamera iliyoachwa wazi kwa dakika tatu huutambua vyema: badala ya vitone hupatikana mistari.

Dawa yake ni stendi yenye mota inayouzungusha mhimili mmoja polepole kuelekea magharibi ili darubini iifuate nyota. Mhimili huo ukielekea pembeni, ufuatiaji huharibika. Kosa la dakika moja ya digrii huweza kuihamisha nyota kwa robo ya sekunde ya digrii kila dakika ya saa, kiasi ambacho wengi watakivumilia. Kosa la nusu digrii huweza kuihamisha kwa karibu sekunde 8 kila dakika. Katika darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,000, na kamera ambayo pikseli zake zina upana wa maikromita 3.75 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hizo ni pikseli 10 kila dakika. Picha imeharibika.

Kabla ya kamera za kidijitali kushuka bei, kazi hii ilifanywa kwa jicho. Mtu alichagua nyota iliyo juu angani, akaitazama ikihama, akageuza skrubu, kisha akarudia kwa nyota iliyo mashariki. Njia hiyo ingali sahihi na haihitaji kuiona ncha ya anga, ila humeza nusu saa au zaidi. Kakamega ni mji unaopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mawingu ya alasiri mara nyingi huchelewa kuondoka. Anga ikifunguka kwa saa mbili, kuitumia robo yake kugeuza skrubu ni hasara kubwa.

Nyota iliyojificha

Ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote za kaskazini huonekana kupazunguka, huwa juu ya upeo wa macho kwa kiasi kile kile cha latitudo ya mtazamaji. Aliye London huiona digrii 51 juu. Aliye Kakamega ana robo digrii na ziada ndogo, pungufu ya upana wa mwezi mpevu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijua jambo hili tangu kale: jaa, ndiyo Nyota ya Kaskazini, ilizidi kuzama kadiri majahazi yalivyoteremka kuelekea pwani ya Afrika Mashariki, nao wakalazimika kupima safari zao kwa nyota nyingine.

Nyota hiyo yenyewe haipo kwenye ncha hasa. Imeachana nayo kwa takriban dakika 37. Kwa hivyo katika anga ya Kakamega hupanda hadi karibu digrii moja juu ya upeo, kisha katika nusu nyingine ya mzunguko wake hushuka hadi kuugusa upeo huo. Mwanga unaotoka chini kiasi hicho hupenya hewa zaidi ya mara 25 ya ile inayopenywa na mwanga wa nyota iliyo utosini. Vumbi, unyevu wa msitu na moshi wa mashamba yanayochomwa huumaliza. Na hata kama hewa ingekuwa safi kama kioo, ardhi ya upande wa kaskazini huinuka kuelekea Mlima Elgon na milima ya Cherang'any. Ncha ya kusini nayo iko chini ya upeo, kwa hivyo Sigma Octantis, nyota hafifu wanayoitegemea wapiga picha wa Australia, haina msaada wowote hapa.

Sokoni kuna kamera ndogo zilizoundwa mahususi kutazama ncha. Zinazojulikana zaidi ni PoleMaster ya kampuni ya QHYCCD na iPolar ya iOptron. Hufungwa kwenye mhimili wa stendi, hupiga picha ya eneo la ncha, na programu humwonyesha mtu ageuze skrubu gani na kwa kiasi gani. PoleMaster huona eneo la takriban digrii 11 kwa 8. Zinasifiwa na wanaozitumia, na sifa hizo ni za haki, ila waandishi wake huishi digrii 30, 40 au 50 kutoka Ikweta. Kamera hiyo ikifungwa Kakamega, nusu ya picha yake itakuwa ardhi na sehemu kubwa ya nusu iliyobaki itakuwa utusitusi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo ni nadra kuisoma kwenye matangazo. Hewa hupinda mwanga. Nyota iliyo kwenye upeo huonekana imeinuliwa kwa karibu nusu digrii, ingawa kiasi hicho hupungua kidogo katika mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari kama Kakamega. Maana yake ni kwamba hata mtu akibahatika usiku wa kipekee, akapanda kilima cha Lirhanda ndani ya Msitu wa Kakamega na kuinasa Nyota ya Kaskazini kwa kamera yake, nyota hiyo itamdanganya. Programu isiporekebisha mpindo huo, mhimili utaelekezwa kwenye taswira iliyoinuliwa, na nyota za utosini, ambazo hazijapindwa, zitaanza kuhama kwa kiasi kile kile cha sekunde kadhaa kila dakika kilichotajwa awali.

Kwa sababu hizo mbili, kamera ya ncha isiingizwe kabisa kwenye orodha ya mnunuzi wa Kakamega, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.

Picha tatu za sehemu yoyote

Njia inayofaa karibu na Ikweta hutegemea kompyuta kuitambua anga yenyewe. Kamera hupiga picha ya sehemu yoyote ya anga. Programu hupima nafasi za nyota zilizomo, huunda maumbo kwa makundi ya nyota hizo, kisha huyatafuta maumbo hayo katika orodha iliyohifadhiwa. Ikipata linalolingana, hutamka kitovu cha picha kiko wapi angani kwa usahihi wa sekunde chache za digrii. Mradi wa Astrometry.net, ambao mbinu yake ilifafanuliwa na Dustin Lang na wenzake katika makala ya kisayansi ya mwaka 2010, hutumia makundi ya nyota nne nne. Programu ya ASTAP nayo hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa, bila malipo, na bila intaneti mradi orodha ya nyota imepakuliwa mapema.

Ili kuupata mhimili, stendi hupiga picha moja, huzungushwa kiasi kwenye mhimili wake mmoja tu, hupiga ya pili, huzungushwa tena, hupiga ya tatu. Vitovu vya picha hizo tatu hulala kwenye tao la duara, na kitovu cha duara hilo ndipo mhimili unapoelekea. Programu hulinganisha mahali hapo na ncha ya kweli, kisha hupiga picha moja baada ya nyingine huku mwenye darubini akigeuza skrubu hadi kosa lipungue. Hakuna hatua inayohitaji kuiona ncha. Vilevile picha zikipigwa juu angani, mpindo wa hewa huwa mdogo sana.

Njia hii hupatikana katika N.I.N.A., inayotumia Windows, kupitia nyongeza yake ya picha tatu. Katika Ekos, iliyomo ndani ya KStars na inayoweza kuendeshwa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Na katika kisanduku cha ASIAIR cha kampuni ya ZWO. Mbili za kwanza ni za bure. Hiki cha mwisho ni chepesi kutumia kuliko zote, lakini kina mtego wake: hukubali kamera za anga za ZWO yenyewe pamoja na baadhi ya kamera za kawaida za Canon, Nikon na Sony, basi. Anayekinunua amejifunga kwa muuzaji mmoja kwa miaka mingi. Kwa shule au chuo chenye wanafunzi wenye subira ya kujifunza, Ekos au N.I.N.A. ni chaguo bora zaidi.

Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Kamera ya kazi hii hupimwa kwanza kwa ukubwa wa eneo la anga inalonasa. Picha ikiwa finyu mno, nyota zitakuwa chache na programu itashindwa kutambua umbo lolote. Hesabu yake ni rahisi: zidisha upana wa kihisi, yaani kile kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera, kwa 57.3, kisha ugawe kwa urefu wa fokasi. Vyote viwili viwe kwa milimita. Jibu ni upana wa picha kwa digrii.

Tuseme kamera ni ASI120MM Mini ya ZWO, mojawapo ya zile za bei nafuu. Kihisi chake kina milimita 4.8 kwa 3.6. Ikichomekwa kwenye darubini kubwa yenye fokasi ya milimita 2,000, huona dakika 8 kwa 6 tu za digrii, eneo dogo kuliko sehemu ya kumi ya uso wa mwezi. Katika maeneo yasiyo na nyota nyingi, kutambua picha kama hiyo ni kubahatisha. Kamera hiyo hiyo ikichomekwa kwenye darubini ndogo ya kuongozea yenye fokasi ya milimita 120, huona digrii 2.3 kwa 1.7. Hapo nyota hujaa, na kazi huisha kwa sekunde chache.

Hesabu ya pili ni ya ukali wa picha. Zidisha upana wa pikseli kwa maikromita na 206, ugawe kwa fokasi. Kwa mfano huo wa milimita 120, jibu ni takriban sekunde 6.4 za digrii kwa kila pikseli. Kiasi hicho kinatosha, kwa kuwa programu hukadiria kitovu cha nyota kwa usahihi ulio chini ya pikseli moja. Kati ya sekunde 2 na 8 kwa pikseli, na upana kati ya digrii 1 na 3, mnunuzi yuko mahali salama. Kamera zenye kihisi cha Sony IMX290, ambacho kina milimita 5.6 kwa 3.2 na pikseli za maikromita 2.9, hutoa kwa darubini ile ile ya milimita 120 eneo la digrii 2.7 kwa 1.5 na sekunde 5 kwa pikseli. Huhisi mwanga hafifu vizuri zaidi, na bei yao ni ya juu kidogo.

Kamera ya rangi isichaguliwe kwa kazi hii. Vichujio vya rangi vilivyo juu ya pikseli hupoteza sehemu ya mwanga, na programu haijali kama nyota ni nyekundu au buluu. Kamera zenye kifaa cha kupozea kihisi nazo si za lazima. Picha za kulinganisha hupigwa kwa sekunde moja au mbili tu, muda ambao joto la kihisi halijaleta madhara. Fedha hizo zina mahali pengine pa kwenda.

Kinachopaswa kuulizwa, na ambacho wengi husahau, ni kama kamera ina viendeshi vinavyotambuliwa na programu: ASCOM kwa wanaotumia Windows, au INDI kwa wanaotumia Linux. Kamera isiyo na hivyo, hata iwe nzuri vipi, itabaki pambo. Kamera za kawaida za mikutano ya intaneti huanguka mtihani huu, tena nyingi haziwezi kuacha mwanga uingie hata kwa sekunde moja nzima. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa anga walipiga picha nzuri za sayari kwa Philips ToUcam, lakini sayari zina mwanga mwingi. Nyota za kulinganishia ni hafifu.

Ubora mkubwa wa kamera ndogo yenye darubini yake ya kuongozea ni kwamba haimalizi kazi baada ya kulinganisha. Picha kuu inapoanza kupigwa, kamera hiyo hugeuka kuwa mwongozaji: programu ya bure ya PHD2 hutazama nyota kila baada ya sekunde chache na kuisahihisha mota. Kamera nyingi za aina hii zina tundu la waya linaloitwa ST-4, jina lililorithiwa kutoka kwa kifaa cha kampuni ya SBIG cha mwishoni mwa miaka ya 1980. Shilingi moja imenunua vitu viwili.

Kamera ya harusini

Wapo wasiohitaji kununua chochote. Kakamega, kama miji mingine ya Kenya, ina wapiga picha wa harusi na mahafali wenye kamera za Canon au Nikon. Kamera kama hiyo, yenye kihisi cha milimita 22.3 kwa 14.9, ikifungwa kwenye darubini ya fokasi ya milimita 650, huona eneo la takriban digrii 2 kwa 1.3. Ni eneo linalotosha kabisa kwa njia ya picha tatu, na N.I.N.A. pamoja na Ekos huzifahamu kamera nyingi za kampuni hizo mbili. Kinachohitajika ni waya wa USB na pete ya kuifungia kwenye darubini. Kasoro yake ni kwamba faili zake nzito huchelewa kufika kwenye kipakatalishi, na baadaye hakutakuwa na kamera ya kuongozea. Hata hivyo, kwa anayejaribu, ni busara kuanza na alichonacho.

Kampuni ya Celestron huuza kifaa cha StarSense AutoAlign, ambacho ni kamera yenye kompyuta yake ndani, inayozipiga nyota picha na kuifundisha darubini inatazama wapi bila kipakatalishi. Ni kizuri kwa maana ile ya kwanza ya kulinganisha. Mhimili bado utahitaji hatua za ziada, na kifaa hufanya kazi na stendi zinazokubaliana nacho pekee. StarSense Explorer, iliyotangazwa mwaka 2020, hutumia kamera ya simu. Nayo humwonyesha mtu aisukume darubini upande gani kwa mkono. Inafaa kutazamia, haifai kupigia picha za dakika nyingi. Anayeifikiria aangalie kwanza kama simu yake imo kwenye orodha ya zinazokubalika.

Tangu mwaka 2023 kumekuwa na njia ya mkato ambayo ni vigumu kuipuuza. Darubini kama Seestar S50 ya ZWO hubeba kamera, mota na kompyuta katika gamba moja, hujilinganisha yenyewe na kutuma picha kwenye simu. Huenda juu na chini, kushoto na kulia, bila mhimili wa kulazwa. Tatizo la mwendo huo ni kwamba picha hujizungusha polepole, na hapa Kakamega ina bahati na balaa kwa wakati mmoja. Nebula ya Orion inapokuwa digrii 30 juu ya upeo wa mashariki, picha huzunguka kwa chini ya digrii 2 kwa saa, jambo ambalo mtu wa Ulaya angelionea kijicho. Inapofika karibu na utosi, kasi huvuka digrii 100 kwa saa. Kwa hivyo vitu vya mashariki na magharibi vipigwe picha vikiwa katikati ya anga na upeo, na utosi uachwe.

Stendi inayokataa kulala

Fedha zilizookolewa kwenye kamera ziende kwenye stendi. Mhimili wa Kakamega karibu ulale chali, na stendi nyingi hazikuundwa kwa ulalo huo. Advanced VX ya Celestron imeandikiwa latitudo za kati ya digrii 7 na 77. EQ6-R ya Sky-Watcher, kati ya 5 na 65. Hakuna kamera itakayorekebisha skrubu iliyofika mwisho. Baadhi ya stendi, zikiwemo CEM26 ya iOptron na AM5 ya ZWO, hushuka hadi digrii 0. Aliye na stendi isiyoshuka anaweza kumwendea fundi wa jua kali amtengenezee kipande cha chuma cha kuiinamisha kwa digrii 10, lakini achunguze kwamba uzito wa kusawazisha haugongi mguu na kwamba stendi haitapinduka.

Tahadhari pia itolewe kuhusu vifaa vya mitumba na misaada. Mwaka 2009 kampuni ya Meade ilitoa darubini za LightSwitch zilizokuwa na kamera ndani na kujilinganisha zenyewe, hatua kubwa kwa wakati wake. Mwaka 2024 Meade na kampuni dada yake ya Orion zilifunga milango Marekani. Vifaa vyao vingali mikononi mwa watu na vingine vitafika Kenya kwa nia njema kabisa, lakini kabla ya shule kulipia usafiri, iulize kama viendeshi vya kamera hiyo hufanya kazi kwenye kompyuta za sasa.

Unyevu, saa na upande wa Ikweta

Kamera ikishafika, adui wake wa kwanza ni umande. Usiku wa Kakamega lenzi ndogo ya kuongozea hufunikwa na ukungu mapema, na programu huanza kulalamika kwamba haioni nyota wakati anga ni nyeupe kwa nyota. Ukanda wa kupasha joto unaotumia betri ya volti 12 hutatua jambo hilo. Mchana, kamera na lenzi vihifadhiwe kwenye chombo kinachofungwa vizuri pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, la sivyo kuvu itaota ndani ya kioo. Taa za mulika mwizi katikati ya mji hazizuii kulinganisha, kwa sababu nyota angavu zinatosha. Hufifisha picha yenyewe, na ndiyo maana wenye gari hutoka kuelekea Shinyalu au pembezoni mwa msitu.

Programu pia itauliza saa na mahali. Hapa wanafunzi wengi huteleza: saa tatu usiku ya Kiswahili huandikwa 21:00 kwenye kompyuta, na programu inayotaka saa ya dunia huandikiwa 18:00. Kosa la saa sita huipeleka darubini robo ya anga kutoka ilikotumwa.

Kuhusu mahali, Kakamega huandikwa kaskazini. Kisumu, umbali wa takriban kilomita 50, iko dakika 6 kusini mwa Ikweta. Stendi nyingi zikiambiwa ziko kusini hugeuza upande wa kuzungusha mota, zikitarajia kwamba mhimili umeelekezwa ncha ya kusini. Aliyebeba darubini yake kutoka Kakamega hadi Kisumu, akaacha mhimili ukitazama kaskazini na kuandika latitudo ya kusini, ataona nyota zikikimbia kwenye skrini kwa kasi maradufu hata kama kamera imelinganisha bila dosari. Augeuze mhimili uelekee kusini, au aandike latitudo 0 kaskazini na kuendelea na kazi.